Hoja kwa Hoja: Nilitaja kosa lake, mbona nimeshindwa mimi?

Tangu niandike kuhusu makosa ya hoja, yaani namna za kujenga hoja zinazovutia sikio lakini zina kasoro, barua hazijakatika. Nimechagua sita. Kwa yule aliyeniandikia kurasa nane akitaka nimthibitishie kwamba shemeji yake hana akili: pole sana, lakini hiyo si kazi ya safu hii.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzungumzaji wa pili katika timu ya mdahalo ya shule yetu. Nimekariri majina ya makosa ya hoja zaidi ya 20. Juzi mada ilikuwa "Kazi za kufanyia nyumbani zifutwe", na sisi tulikuwa tunapinga. Mzungumzaji wao wa kwanza akasema tunazitetea kazi hizo kwa sababu tunakaa bweni, hazituhusu. Wa pili akasema dada yake hukesha hadi saa saba usiku akizifanya, kwa hiyo wanafunzi hawalali. Nikasimama: "Wa kwanza ameshambulia mtoa hoja badala ya hoja! Wa pili amejumlisha kwa mfano mmoja! Basi upande wao hauna hoja, na mada imeanguka!" Ukumbi mzima ukapiga makofi. Waamuzi wakawapa wao ushindi. Tumeonewa? — Mzungumzaji wa Pili

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hamkuonewa. Makofi hayo nayafahamu vizuri. Niliyapata ya kwangu nikiwa na umri wako, nikarudi nyumbani nimeshindwa vilevile, nikawalaumu waamuzi wiki nzima.

Ngoja nikuonyeshe ukumbi unavyoonekana kutoka kwenye kiti cha mwamuzi. Mimi huamua kwa penseli na daftari. Ukurasa naugawa kwa mstari wa wima: kushoto naandika kilichodaiwa, kulia naandika kilichojibiwa, na kati yake nachora mshale. Mdahalo ukiisha, natafuta dai lililobaki bila mshale. Dai hilo liko hai, hata kama lilizaliwa dhaifu. Sasa chukua ukurasa wenu. Kushoto: "wako bweni, haziwahusu". Chini yake: "dada anakesha, wanafunzi hawalali". Kulia: majina mawili ya makosa. Mshale niuchore kutoka wapi kwenda wapi? Umeniambia ugonjwa unaitwaje, hukuniambia unauma wapi.

Ungesimama ukasema hivi: "Tuseme ni kweli, sisi tunalala bweni na kazi hizo hazitugusi. Je, sababu ipi kati ya zile tulizotoa inabadilika? Tulisema mwanafunzi akifanya zoezi peke yake ndipo anapogundua asichokielewa, kabla mtihani haujamgundulia. Hilo ama ni kweli ama si kweli, hata akilisema mtu ambaye hajawahi kushika kalamu." Kisha ukageukia yule wa pili: "Dada yake tunampa pole. Lakini anakesha kwa sababu amepewa kazi, au kwa sababu amepewa nyingi mno? Kama ni wingi, dawa ni kupunguza. Mada ya leo inasema kufuta."

Umeona? Hakuna jina hata moja la kosa humo, na mimi nimechora mishale miwili. Tena ule wa pili umetoboa hadi upande wa mada yenyewe, kwa sababu umekubali maumivu ya yule dada na bado umeonyesha kwamba hayafikishi mtu kwenye kufuta. Mimi kazi ya namna hiyo huipa alama nyingi kuliko hotuba yoyote ya kupaza sauti.

Tukija kwenye sentensi yako ya mwisho, hapo ndipo ulipojimaliza. "Upande wao hauna hoja, na mada imeanguka." Taratibu. Mtu akiniambia dunia ni mviringo kwa sababu mpira nao ni mviringo, sababu yake ni ya ovyo kabisa, na dunia inabaki mviringo. Hoja mbovu haiui dai. Inaliacha halina mguu huo, basi. Kudhani kwamba ukikamata kosa la mtu umeshathibitisha kinyume cha alichosema ni kosa la hoja lenyewe, na ndilo linalowapata zaidi watu waliokariri orodha kama yako.

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale aliyekufa mwaka 322 kabla ya Kristo, aliyahesabu makosa haya akayafikisha 13: sita yanayotokana na lugha, saba yasiyotokana na lugha. Tangu hapo kila kizazi kimeongeza yake. Kinachosahaulika ni kwamba sehemu kubwa ya andiko lake inahusu kuyafungua: mtu akikufungia fundo, uzi unaushika wapi ili lifunguke. Orodha ya majina ni nusu ya kazi, tena nusu nyepesi. Iweke kabatini kwa muhula mmoja. Ukiona kosa, jilazimishe kulieleza kwa maneno ambayo mdogo wako wa darasa la nne angeyaelewa.

SWALI: Ofisini tulikuwa tunachagua fundi wa kukarabati jengo. Mwenzetu mmoja akamsifia sana fundi fulani. Nikauliza kama huyo si shemeji yake. Akanijibu kwamba najadili mtu badala ya hoja, wenzangu wakatikisa vichwa, nikanyamaza. Nilikosea? — Niliyenyamaza

JIBU: Hukukosea. Ulinyamaza mapema mno tu.

Watu wamefundishwa "jibu hoja, usimshambulie mtoa hoja" mpaka limegeuka ngao ya kila mwenye jambo la kuficha. Tofauti iko hapa. Mwenzako aliweka nini mezani? Kama aliweka karatasi, kwa mfano majengo matatu aliyoyakarabati fundi huyo, gharama zake na tarehe alizokabidhi, basi kagua karatasi. Undugu wao haubadilishi tarakimu. Lakini kama alichoweka ni neno lake, "niaminini, huyu bwana ni mzuri", basi yeye mwenyewe ndiye ushahidi, na ushahidi hukaguliwa. Shahidi yeyote huulizwa ana uhusiano gani na kesi. Ungemjibu kwa upole: "Sijasema fundi ni mbaya. Nasema kwa kuwa ni shemeji yako, tunahitaji kitu zaidi ya neno lako."

Kisa kimoja kinanisaidia nikifundisha jambo hili. Ronald Fisher alikuwa miongoni mwa wanatakwimu wakubwa wa karne ya 20. Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill, huko Uingereza, walichapisha utafiti uliohusisha uvutaji wa sigara na saratani ya mapafu. Fisher alipinga. Alisema mambo mawili kwenda pamoja hakuthibitishi kwamba moja limeleta jingine, huenda kuna kitu katika urithi wa damu kinachomfanya mtu apende sigara na pia kinachompa saratani. Fisher alikuwa mvuta kiko, na alikuwa akilipwa na watengenezaji wa sigara kama mshauri wao.

Wanafunzi wangu wakifika hapo huruka viti: "Basi kumbe!" Nawaambia kaeni. Kanuni aliyoisimamia ni sahihi, naifundisha mpaka leo. Kiko na malipo vinatupa sababu ya kumkagua mara mbili, havitupi jibu. Jibu lilitoka kwingine. Kuanzia mwaka 1951 Doll na Hill waliwafuatilia madaktari wa Uingereza takriban 40,000. Vifo vya saratani ya mapafu vilipanda kadiri mtu alivyovuta sigara nyingi kwa siku, na kwa walioacha hatari ikashuka. Hilo la mwisho ndilo lililomkaba Fisher: mtu akiacha sigara, urithi wake wa damu haubadiliki. Mshale huo ningeuchora kwa wino.

SWALI: Katika kikao cha wazazi, wanafunzi wawili walikuwa wamekamatwa wakiibia mtihani. Mzazi mmoja akasema matokeo ya darasa zima yafutwe, "samaki mmoja akioza wote wameoza". Kikao kikakubali bila mjadala. Je, methali ni ushahidi? — Mama wa Asiyeibia

JIBU: Dada yangu, nazipenda methali kupita kiasi, kwa hiyo nitajizuia nisiandike toleo zima.

Methali si ushahidi. Ni kumbukumbu ya jambo lililowahi kuonekana mara nyingi mahali fulani, na kazi yako ni kuuliza kama hapa tulipo ni mahali hapo. Ndiyo maana zinapingana na hakuna anayeshangaa. Unayetaka twende polepole una "haraka haraka haina baraka". Unayetaka twende sasa una "ngoja ngoja huumiza matumbo". "Penye wengi hapaharibiki jambo", na bado "wapishi wengi huharibu mchuzi". Zote zina hekima, na hakuna hata moja inayoweza kukuambia leo ni siku ya ipi.

Sasa wachukue hao samaki. Kwa nini mmoja akioza huharibu wengine? Kwa sababu wamelaliana kapuni, na uozo hupita kwa kugusana. Swali la kumwuliza yule mzazi, kwa heshima zote, lilikuwa hili: kwenye mtihani kilichogusana ni nini? Karatasi ya maswali ilivuja ikazunguka darasani? Hapo methali yake ina nguvu, na huenda kufuta ni sawa. Au wawili hao walipeana majibu wao kwa wao, pembeni? Hapo hakuna kapu, kuna samaki wawili, na wapo wanaosema hutupwa yule aliyeoza. Kwa njia hiyo humdhalilishi aliyeitoa. Unaichukulia methali yake kwa uzito kuliko alivyoichukulia yeye.

"Mtoto wa nyoka ni nyoka" nayo ichunguze hivyo hivyo. Kwa nyoka ni kweli tupu. Kwa binadamu inamhukumu mtu kwa alikotoka kabla hajafungua mdomo.

Lakini kuna moja nataka uiogope: "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Itazame kwa makini. Mtu anazushiwa jambo. Tukilikuta, methali imeshinda. Tusipolikuta, methali bado imeshinda, maana "laja". Hakuna siku itakayofika tukasema methali hii leo imekosea. Dai lililojengwa hivyo, ambalo kila kinachotokea ni ushindi kwake, halikuambii chochote kuhusu yule mtu anayesemwa. Ukilisikia kikaoni, uliza swali moja tu: "Ni jambo gani likitokea utakubali kwamba halikuwapo?" Kisha ngoja jibu. Ukimya utakaofuata usiuharakishe.

SWALI: Mtu akikuambia "tukiruhusu hili, kesho tutaruhusu lile, mwisho tutaangamia", unajibuje? — Mfupi wa Maneno

JIBU: Hesabu ngazi. Mwombe azitaje moja moja na aseme kila moja inaielekeaje inayofuata. Wakati mwingine ngazi zipo kweli na ana haki ya kuogopa, mteremko si lazima uwe wa kubuni. Ila kumbuka hesabu: ngazi nne, kila moja ikiwa na uwezekano wa 7 katika 10, uwezekano wa zote nne kutokea unabaki 24 hivi katika 100. Wengi wanaotisha watu kwa mteremko hutaja ngazi ya kwanza na ya mwisho tu, za katikati wanazimeza.

SWALI: Baba yangu hafungi mkanda kwenye gari. Nikimwambia, hunijibu kwamba ameendesha miaka 40 bila mkanda na yuko hai, na kwamba amekula chumvi nyingi kuliko mimi. Nilimletea takwimu, akakasirika. Nimjibuje bila kumvunjia heshima? — Binti wa Dereva

JIBU: Mwanangu, jibu la baba lina vitu viwili vilivyofungwa pamoja. Vitenganishe. Chumvi usiiguse. Ukiigusa mmeacha kuzungumzia mkanda, mnazungumzia nani mkubwa hapa, na huko umeshashindwa kabla hujaanza, tena kwa haki. Isitoshe chumvi yake ina thamani: miaka 40 barabarani imemfundisha kusoma kona, mvua, na dereva wa mbele aliyelewa. Wewe hujui hayo.

Kitu cha pili ndicho chenye tundu. Miaka 40 haiwezi kumfundisha ajali ambayo hakuipata. Na aliyeipata bila mkanda, akarushwa nje, hayupo sebuleni kwenu kutoa ushuhuda wake. Kila mtu mnayemsikia akisema "mimi sijawahi kufunga na niko hai" lazima awe hai ili aseme. Wafu hawahesabiwi katika mazungumzo hayo.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mwanatakwimu Abraham Wald, akifanya kazi New York, alipewa tatizo la namna hiyo. Ndege za kivita zilikuwa zikirudi zimetobolewa risasi, na swali lilikuwa ziimarishwe wapi. Macho ya kawaida yanakwenda kwenye matundu mengi. Wald akakumbusha kwamba ndege zinazohesabiwa ni zile zilizorudi. Iliyopigwa kwenye injini ilikuwa haionyeshi tundu lake kwa mtu yeyote, maana haikurudi. Basi mahali pa kuogopa ni pale ambapo zilizorudi hazina matundu.

Takwimu zako ziache. Chagua wakati mko wawili tu, si mbele ya wajukuu, na kamwe si akiwa ameshika usukani. Muulize: "Baba, wale mlioanza nao udereva, wako wapi sasa?" Mwache ataje jina kwa jina. Huenda asimtaje hata mmoja aliyekufa barabarani, na hapo huna budi kukubali kwamba swali halikukusaidia, utafute njia nyingine. Huenda akanyamaza katikati. Akinyamaza, usiseme "unaona!" Kasoro kubwa ya vijana wanaofundishwa midahalo, na nimewafundisha wengi, ni kutaka mshindwa atie saini. Kesho akiuvuta mkanda huku akilalamika kwamba unamkunjia shati, wewe tazama dirishani.

SWALI: Mwalimu, toleo lililopita uliandika kwamba wazungumzaji bora wote uliowahi kuwafundisha walikuwa wakisoma hotuba zao kwa sauti usiku wa kuamkia mdahalo, ukatushauri tufanye hivyo ili tushinde. Samahani kwa kuuliza: walioshindwa walikuwa wakisoma kimoyomoyo? — Penseli Nyekundu

JIBU: Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimalizia nimekaa. Habari za Wald nilizomweleza binti hapo juu nilikuwa nimezimaliza muda mfupi tu kabla ya kufungua bahasha yako. Niliwatazama walioshinda peke yao, nikawakuta na tabia moja, nikaipa tabia hiyo sifa ya ushindi. Ndege zilizorudi.

Nimeshuka stoo kutafuta daftari za zamani. Pembeni mwa jina la kila mwanafunzi nilikuwa na mazoea ya kuandika herufi "s" kama amesoma kwa sauti usiku uliotangulia. Sikuwa nimewahi kuziangalia za waliotolewa mapema, maana nani hupenda kusoma kurasa hizo? Ukurasa wa kwanza nilioufungua una wanafunzi wanne waliotolewa raundi ya mwanzo. Watatu wana "s".

Ushauri ule naufuta. Soma kwa sauti ukipenda, husaidia kukamata sentensi ndefu zisizopumulika, hilo bado nalisimamia kwa sababu nalisikia kwa masikio yangu. Kwamba huleta ushindi, sina msingi wa kulisema.

Wa nne katika ukurasa ule hana "s". Mbele ya jina lake nimeandika, kwa mwandiko wangu mwenyewe: "Sauti imemkauka kwa mazoezi. Apumzike."